Baba, Mama na Mtoto Katika Karakana Moja

Msafiri apitaye katika wilaya zetu hakosi kuona, karibu na shule au karibu na soko, jumba refu lenye madirisha mapana na sakafu ya saruji, ambalo mlango wake umefungwa kwa kufuli iliyoshika kutu. Akiuliza ataambiwa ya kwamba hiyo ni karakana. Mengi ya majumba hayo yalijengwa baada ya mwaka 1985, mpango wa elimu wa 8-4-4 ulipoanzishwa, maana mpango huo ulitaka watoto wajifunze sanaa na kazi za mikono, sayansi ya nyumbani na kilimo, na wazazi wakaombwa wachange fedha za harambee ili pajengwe mahali pa kufundishia. Watu waliuza mbuzi na kuku, wakabeba mawe na mchanga, na mabati yakapigwa misumari. Kisha, mwanzoni mwa miaka ya 2000, mengi ya masomo hayo yaliondolewa katika mtihani wa darasa la nane. Na kwa kuwa kwetu somo lisilotahiniwa ni somo lisilofundishwa, karakana nyingi ziligeuka stoo za viti vilivyovunjika.

Nia ya makala haya ni kuwaeleza wasomaji jinsi jumba la namna hiyo, au hata kivuli cha mwembe chenye meza mbili imara, laweza kutumiwa kwa mafunzo ya kazi za mikono ambayo mzazi na mtoto huyahudhuria pamoja. Sisemi juu ya chuo cha ufundi cha vijana waliomaliza shule. Hilo ni jambo jingine. Nasema juu ya mtoto wa miaka minane au kumi na miwili, naye amekuja na baba yake, au mama yake, au nyanya yake, na wote wawili wana kazi mkononi.

Pengine msomaji atauliza, kwa nini pamoja? Si ni kazi ya mwalimu? Tangu mwaka 1999 au 2000 labda swali hilo lingalikuwa la haki. Lakini mwaka 2019 mtaala mpya wa umilisi ulianza katika madarasa ya chini, nao humtaka mtoto atengeneze vitu kwa mikono yake, tena humtaka mzazi amsaidie. Sote twajua yaliyofuata. Mtoto alirudi jioni akisema ameagizwa kutengeneza sanamu ya kuwafukuza ndege shambani, naye akalala, na mama akabaki macho hadi usiku wa manane akijaza majani katika suruali kuukuu. Wengine walikwenda mjini kununua kitu kilichokwisha tengenezwa. Asubuhi mwalimu alimsifu mtoto kwa kazi ya mama. Wazazi walinung'unika sana juu ya gharama na juu ya usingizi wao, nami siwalaumu. Lakini katika manung'uniko yale sikusikia watu wengi wakisema neno lililonisikitisha zaidi, yaani kwamba wazazi wengi wenyewe hawakujua jinsi ya kuifanya kazi ile. Sisi tuliosomeshwa katika shule za bweni tulitoka nyumbani wakati ule ule ambao baba zetu walikuwa karibu kutufundisha kutia mpini katika jembe.

Kabla ya kupanga saa na vyombo, yafaa tulitazame neno moja ambalo wazee watalisema barazani, wala si neno la upuuzi. Watasema: "Zamani tulipewa kazi za mikono ili tusipewe vitabu." Neno hilo lina historia yake. Mwaka 1924 tume ya Phelps-Stokes ilifika Kenya ikiongozwa na Thomas Jesse Jones, na pamoja naye alikuwamo Dk. James Aggrey wa Gold Coast, nchi ambayo leo ni Ghana. Tume hiyo ilishauri elimu ya Mwafrika ifuate maisha ya mashambani: kilimo, afya, ufundi na malezi ya nyumbani. Mwaka huo huo Serikali ya kikoloni ilifungua kule Kabete chuo cha kufundishia mafundi wa Kiafrika, na waashi, maseremala na wahunzi wengi walipata kazi yao huko. Lakini wazazi waliona ya kwamba mtoto wa Mzungu alifundishwa vitabu apate kuwa mkubwa wa ofisi, hali mtoto wao alipewa randa. Baadhi yao, hasa katika nchi ya Wakikuyu, walijenga shule zao wenyewe zisizokuwa chini ya misheni. Hawakuwa na ugomvi na randa. Ugomvi wao ulikuwa juu ya kupewa randa badala ya kitabu.

Kwa hiyo wenye kupanga mafunzo haya hawana budi kusema waziwazi tangu siku ya kwanza ya kwamba hayatapunguza hata saa moja ya masomo. Ni kazi ya siku za mapumziko. Tena watoto wa karani, wa mwalimu na wa mganga wa zahanati waje pamoja na watoto wa mkulima na wa kibarua. Wakija watoto wa maskini peke yao, wazee watakuwa wamesema kweli.

Kabete hiyo hiyo yatupa mfano mwingine ulio bora kwa kusudi letu. Mwaka 1925 Jeanes School ilianzishwa huko kwa msaada wa fedha za Carnegie Corporation ya Marekani, na mkuu wake wa kwanza alikuwa James Dougall, ambaye alikuwa mwandishi wa tume ile ya mwaka 1924. Jina la shule lilitokana na Anna T. Jeanes, mama wa Philadelphia aliyetoa mali yake kusaidia shule za mashambani za Wamarekani Weusi. Walimu waliokwenda kusoma Kabete hawakwenda peke yao kama watu waendao kambini. Walikwenda na wake zao na watoto wao, wakakaa katika nyumba zilizopangwa kama kijiji, na mke alifundishwa kushona, kupika na kulea wakati mume alipokuwa darasani. Baadaye, chama cha Maendeleo ya Wanawake kilipoanzishwa mwaka 1952, viongozi wengi wa vikundi vyake walipata mafunzo huko. Yapo mengi ya kusema juu ya siasa ya miaka ile, na juu ya kusudi la wale waliotoa fedha, lakini jambo moja walilitambua vema: ukimfundisha mtu mmoja wa nyumba na kumrudisha kwa wenziwe wasiojua, nyumba itamshinda.

Sasa tuje kwenye mpango wenyewe. Neno la kwanza ni siku. Watu wengi huandika "kila Jumamosi" bila kufikiri. Katika nchi ya Kisii Wasabato ni wengi, na Jumamosi ni siku yao ya ibada. Huko yafaa Jumapili alasiri. Pwani watoto wengi huenda madrasa, kwa hiyo aulizwe kwanza mwalimu wao kabla ya kuulizwa chifu. Katika sehemu za kahawa kama Nyeri na Kirinyaga uchumaji mkubwa huwa Oktoba hadi Desemba, na mikono ya watoto huhitajiwa mashambani wakati wa likizo ya mwisho wa mwaka. Likizo ya Aprili hukutwa na mvua ndefu, na mama hawezi kuacha palizi ili aje kuchonga mwiko. Mimi napendelea likizo ya Agosti katika sehemu nyingi za bara: mvua zimepungua, baridi si kikwazo kwa watu wanaofanya kazi, na shughuli kubwa za shamba zimetulia kidogo. Vikao sita vya saa mbili mbili, mara mbili kwa juma, kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa tano, vyatosha kwa mwanzo. Zaidi ya saa mbili mtoto wa miaka minane huchoka, na mtoto aliyechoka akiwa na kisu mkononi ni hatari.

Jamaa kumi na mbili si haba. Kila mtu mzima aje na mtoto mmoja au wawili, jumla ya watu isizidi thelathini. Najua chifu atapenda watu mia, maana mia huonekana vizuri katika taarifa. Akatae mwandishi wa halmashauri kwa heshima na aandike majina ya ziada kwa likizo ifuatayo.

Fundi atafutwe kwa uangalifu. Si kila fundi hodari ni mwalimu hodari. Yuko fundi ambaye mtoto akikosea humnyang'anya msumeno na kukata mwenyewe, kisha husema, "Umeona?" Mtoto hakuona kitu isipokuwa mgongo wa fundi. Afadhali seremala wa kiasi mwenye subira kuliko bingwa mwenye haraka. Pamoja naye awepo nyanya mmoja au wawili wanaojua kusuka, na wasiitwe wasaidizi, maana katika vikao vya kwanza wao ndio walimu na seremala ndiye msaidizi. Tena walipwe. Watu wenye mishahara hupenda sana kumwambia fundi ajitolee kwa ajili ya maendeleo, hali wao wenyewe hawajapata kujitolea mshahara wa siku moja.

Kazi ya kwanza iwe kamba. Najua wengi watacheka, kwa kuwa kamba huuzwa dukani, nayo ya nailoni hudumu. Nina sababu. Mkonge huota mipakani mwa mashamba katika sehemu nyingi kavu, wala hauna gharama. Majani hukatwa na watu wazima, hukwanguliwa juu ya ubao kwa ubapa wa panga butu hata nyama yake ya kijani itoke, kisha nyuzi huoshwa, huanikwa juani na kuchanuliwa. Kazi hiyo ya kukwangua isifanywe na watoto, maana maji ya mkonge huwasha ngozi vibaya. Ifanywe juma moja kabla ya kikao. Tena watu wakate majani ya kutosha, kwa sababu katika kilo 100 za majani hupatikana kilo 4 hivi tu za nyuzi kavu, na wasiojua hilo hukata mzigo mmoja wa kichwa wakashangaa kuona wamepata kishungi cha nywele.

Nyuzi zikiwa tayari, mtoto na mzazi hukaa kuelekeana. Kila uzi husokotwa upande mmoja, tuseme kuume, mpaka ukaze na kutaka kujikunja wenyewe. Kisha nyuzi mbili au tatu zilizosokotwa hivyo huwekwa pamoja na kusokotwa upande wa pili, kushoto. Hapo ndipo siri ya kamba ilipo: kila uzi wataka kufunguka, na katika kutaka kufunguka hukaza ule mwingine, hata zote zikakaa. Mtoto akilitambua jambo hilo kwa vidole vyake, ameshika kanuni ambayo hutumika katika uzi wa shati na katika waya mnene wa chuma unaoshikilia daraja. Nyuzi hufupika zinaposokotwa. Atakaye kamba ya mita 3 na aanze na nyuzi za mita 4 au zaidi kidogo.

Sababu yangu iliyo kubwa ni hii, ya kwamba kamba ndefu haisokotwi na mtu mmoja kwa raha. Lazima mmoja ashike ncha na kuvuta, na mwingine azungushe. Wakilegea wote hujifunga mafundo. Basi baba hawezi kukaa ukutani akizungumza siasa, na mtoto hawezi kumwachia mama kazi yote. Mwisho wa kikao huenda nyumbani na kitu chenye matumizi siku hiyo hiyo: mbuzi hufungwa kwacho, au ndoo huteremshwa kisimani. Kikao cha pili waweza kuchukua nyuzi zilizosalia na kuanza kitako cha kiondo, chini ya macho ya nyanya. Kiondo hakitamalizika, wala si lazima kimalizike. Mama na binti, au mama na mwana, watakishika nyumbani jioni.

Hapo pana neno la mila. Katika Ukambani na Ukikuyu kusuka viondo ni kazi ya wanawake. Katika nchi ya Wajaluo vyungu ni vya akina mama. Pwani mikeka ya ukindu husukwa na wanawake, na kuchonga mitumbwi na majahazi ni kazi ya wanaume. Wako watakaosema mvulana asisuke, na wengine msichana asishike randa. Sidhani yafaa kusimama barazani na kuwahutubia wazee juu ya jambo hilo. Kamba ni ya wote, ndiyo maana huanza nayo. Baada ya vikao viwili watoto wenyewe huwa wamekwisha changanyika mezani, na mzee aliyekuja kukataza humwona mjukuu wake wa kike akichonga kwa uangalifu kuliko wavulana, naye hunyamaza. Asiponyamaza, mtoto wake apewe kazi anayoikubali, na mafunzo yaendelee.

Kikao cha tatu ndipo mbao zianze, na chombo cha kwanza kiwe kisu. Kuna mwalimu wa Sweden, Otto Salomon, aliyefundisha walimu mahali paitwapo Nääs tangu miaka ya 1870, na mashauri yake yalienea katika nchi nyingi. Aliagiza mtoto aanze kwa kisu, chombo anachokijua tangu nyumbani. Kazi ziende kutoka rahisi hadi ngumu. Na kila kitu kitengenezwacho kiwe cha kutumika nyumbani, si cha kuchezewa na kutupwa. Nimeyaona mashauri hayo kuwa ya akili sana, na sidhani nyanya zetu wangalimpinga. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya mti iwe mwiko. Fundi akate vipande vyenye urefu wa sentimeta 35 hivi, mtoto achore umbo kwa penseli, achonge kwa kisu akifuata uzi wa mti, kisha asugue kwa msasa mpaka mama akubali kuutia katika sufuria.

Juu ya visu nitasema kidogo zaidi, maana hapo ndipo mpango mzima waweza kuvunjika kwa dakika moja. Kisu butu ni hatari kuliko kikali, kwa sababu mtoto hutumia nguvu nyingi nacho huteleza. Kwa hiyo visu vyote vinolewe siku iliyotangulia. Mtoto achonge akiwa ameketi, akisukuma makali mbali na mwili wake, wala asimkaribie mwenziwe kuliko urefu wa mkono na nusu. Atakaye kusimama aweke kisu mezani kwanza. Visu vihesabiwe vinapotolewa na vihesabiwe tena vinaporudishwa, na mlango usifunguliwe mpaka hesabu itimie. Pawepo maji safi, sabuni na vitambaa vilivyofuliwa. Na jeraha lenye kina lipelekwe zahanati siku ile ile, kwa ajili ya pepopunda, hata kama mtoto asema haliumi.

Mbao ngumu hazifai kwa mikono midogo. Vipande vya saiprasi vinavyotupwa penye viwanda vya kupasulia mbao hukatika vizuri na bei yake ni ndogo. Tusitamani mpingo. Wasomaji wengi wanaijua biashara ya vinyago vya Wakamba. Husimuliwa ya kwamba Mutisya Munge wa Wamunyu alijifunza kwa Wamakonde wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, akarudi kwao na ufundi huo, na baada yake ufundi ukaenea nyumba kwa nyumba, mtoto akikaa karibu na baba akisugua kwa msasa kabla hajaruhusiwa kushika tezo. Hayo ndiyo mafunzo ya jamaa nzima, ingawa hakuna aliyeyaita hivyo. Lakini muhugu na mpingo vilikatwa sana hata vikaadimika, na katika miaka ya 1990 wachongaji walianza kuhimizwa kutumia mwarobaini, mwembe na jakaranda, miti ipandwayo na kukua upesi. Kwa hiyo ingefaa kila jamaa ipande miti miwili au mitatu karibu na karakana mwaka wa kwanza. Watakaovuna ni wengine, hilo lajulikana.

Sasa nafika penye shida kubwa ya mafunzo haya, nayo si ya watoto. Ni mikono ya wazazi. Mtoto akipindisha mstari kidogo, mkono wa baba hutoka wenyewe ukachukua kisu. Mama akiona mwenziwe wa meza ya pili amekwisha, humsukuma mwanawe upande akamalizia haraka, kama kwamba yuko katika mashindano. Nimeona karani mmoja, mtu mwenye cheo, aliyekaa mbali na meza akisoma gazeti. Watu walisema ana kiburi. Fundi, ambaye alikuwa mzee mwenye busara, alitambua ya kwamba yule bwana hakuwa na kiburi bali aliogopa mwanawe asije akaona ya kwamba baba hajui kushika msumeno. Basi fundi hakusema neno. Alichukua kipande cha ubao akakiweka mbele yake, akamwambia, "Bwana, na huu ni wako." Kabla ya nusu saa baba na mwana walikuwa wakilinganisha makosa yao na kucheka.

Kwa hiyo kanuni yangu ni kwamba kila mzazi awe na kazi yake mwenyewe ya kutengeneza, sawa na ya mtoto. Aweza kushika ubao wa mtoto usitetereke. Chombo cha mtoto asikiguse. Kanuni hiyo iandikwe kwa herufi kubwa ukutani, na atakayeivunja aambiwe na mtoto mwenyewe, kwa adabu. Katika nyumba zetu mtoto hamkanyi mzazi, nami sitaki tuharibu adabu. Lakini neno kama "Baba, naomba nijaribu" halijapata kumvunjia mtu heshima.

Vikao vya nne na tano vyatosha kwa kisanduku cha kuoteshea miche, ambacho mkulima hatakitupa, au kwa kigoda chenye miguu mitatu. Miguu mitatu haitetemeki hata sakafu ikiwa na mashimo, na mtoto apewe nafasi ya kujiuliza kwa nini. Meza za kufanyia kazi zisiwe za urefu wa watu wazima. Mtoto akisimama, ubao uwe chini kidogo ya kiwiko chake. Mahali ambapo hakuna fedha za meza fupi, watoto wasimame juu ya magogo yaliyokatwa sawasawa. Kwa wadogo wa miaka mitano na sita waliofuata kaka zao, wawekewe mkeka pembeni na udongo wa mfinyanzi wachezee. Vitu vyao vikauke kivulini juma zima au zaidi kabla ya kuchomwa, la sivyo vitapasuka motoni, na kilio chake kitasikika hadi barabarani.

Juu ya fedha sina mengi. Kwa jamaa kumi na mbili visu kumi na viwili, misumeno minne, nyundo nne, randa mbili, jiriwa mbili, keekee moja, jiwe la kunolea na karatasi za msasa ni vyombo vya kutosha, na vingi vyaweza kuazimwa kwa mafundi wa sokoni vikiandikwa katika daftari kwa jina la mwenyewe. Ada ndogo ilipwe na kila jamaa kabla ya kikao cha kwanza, maana watu huheshimu walicholipia. Na asiye na fedha alete mbao, mkonge au chai ya saa nne. Daftari lisomwe mbele ya watu wote siku ya mwisho. Funguo ziwe mbili, moja kwa fundi na moja kwa mama mmoja wa halmashauri, wala mmoja wao asifungue stoo ya vyombo bila mwenziwe kujua.

Kikao cha sita kisiwe cha hotuba. Vitu viwekwe mezani na majina ya waliovitengeneza, cha baba karibu na cha mtoto, na watu wapite watazame. Kasoro zisifichwe wala zisipakwe rangi. Atakayetaka kununua kiondo au kigoda aulizane na mtoto mwenyewe, na mtoto akikataa kuuza asilazimishwe.

Wanaotaka kuanza Agosti hawana budi kuita baraza mwezi wa Mei, si kwa sababu ya watu, bali kwa sababu ya mbao. Saiprasi iliyopasuliwa majuzi huwa imejaa maji. Ipangwe ndani ya karakana, vijiti vikiwekwa kati ya ubao na ubao ili hewa ipite, madirisha yakiwa wazi mchana, nayo ikae hivyo majuma kumi kwa uchache. Kigoda kilichotengenezwa kwa mbao mbichi mwezi wa Agosti hulegea viungo kabla ya Krismasi, na mtoto atadhani kosa lilikuwa lake.